Vitamu vya Mavuno Visivyotaka Tanuri

Natumaini kwamba mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na ya kwamba kila nyumba imepata, kama si kingi, basi haba ya kuanzia. Leo nataka kusema nanyi habari za vitamu vya mavuno: namna ya kuvitengeneza nyumbani pamoja na watoto, pasipo tanuri, pasipo mashine, na pasipo kumweka mtoto karibu na moto. Jambo lenyewe laonekana dogo. Lakini mkisikiliza hata mwisho mtaona kwamba ndani yake mna mambo mawili yahusuyo uzima wa watoto wetu, na hayo ndiyo yaliyonifanya nije kusema.

Desturi ya kutengeneza vitamu baada ya mavuno si ya watu wa nchi moja tu. Katika nchi za baridi, majani ya miti yanapopukutika na mazao yakiisha kuingizwa, watu huwakusanya watoto jikoni wakatengeneza vitu vitamu vya matunda, asali na njugu. Wahindu nao, katika sikukuu yao ya Diwali iangukayo mwezi wa Oktoba au Novemba, hufinyanga laddu, vidonge vitamu vya mviringo, wakawapelekea jirani zao. Na wenyeji wengi wa miji yetu ya biashara wamekwisha kuvionja. Basi sisi tusione kwamba jambo hili ni la wageni.

Katika Usukuma mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, na hukoma kadiri ya mwezi wa Mei. Kisha huja kiangazi, na karanga zimekwisha kung'olewa, viazi vimekwisha kuchimbwa. Huo ndio wakati wa ngoma, wakati Bagika na Bagalu washindanapo, na wakati wa Bulabo huko Bujora karibu na Kisesa, mwezi wa Juni. Shule nazo hufungwa mwezi huo, watoto wakarudi nyumbani. Tena tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Msimu huu ndio wetu wa kufurahia mavuno, na mtoto aliyekaa nyumbani bila kazi yafaa apewe kazi yenye faida na furaha.

Na sasa tutazame ghalani tuna nini. Tuna karanga. Tuna ufuta. Tuna ukwaju, nao ni mti uvumiliao ukame wa nchi yetu. Na penye mibuyu tuna ubuyu. Tuna viazi vitamu vilivyokaushwa, navyo ni vya namna mbili, kama kila mama wa Kisukuma ajuavyo. Michembe ni viazi vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Hivyo sharti vichemshwe kabla ya kuliwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa; hivyo vyaweza kutafunwa vikavu kama vilivyo. Kwa kazi yetu ya leo twataka matobolwa, wala si michembe. Watoto, shikeni neno hili.

Tena tuna asali. Hapa nataka kusimama kidogo. Wazee wakumbuka jinsi nchi ya Shinyanga ilivyokwisha miti, maana misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba, hata akina mama wakatembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wenye kazi hiyo hawakuleta desturi mpya. Waliirudia desturi ya Wasukuma wenyewe, ile ya ngitili, yaani sehemu ya nchi itengwayo wakati wa mvua ili majani yake yalishe mifugo wakati wa kiangazi. Miti ikachipuka katika ngitili yenyewe. Kazi ile ilipofikia mwisho mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimeenea zaidi ya hekta laki tatu. Na miti iliporudi, nyuki walirudi pamoja nayo. Basi mtoto atakapochovya kidole katika asali ya nyumbani, mwambieni habari hii, apate kujua kwamba utamu ule umetoka katika mti ambao mtu fulani alikubali kutoukata.

Haya, kabla ya kutia chochote chomboni, natuseme habari za chombo chenyewe. Hili ni jambo la kwanza kati ya yale mawili.

Mwaka mmoja nilikwenda kumtembelea wifi yangu katika kijiji kimoja karibu na machimbo ya dhahabu. Tuliazimu kutengeneza vidonge vya karanga pamoja na watoto. Karanga zilipokuwa tayari nikasema, "Nani ataniletea chombo kipana?" Mtoto mmoja, umri wake kama miaka minane, akakimbia nyuma ya nyumba, akarudi na karai safi linalong'aa. "Hili hapa, shangazi," akasema. Nikatia vikombe viwili vya karanga. Mara wifi yangu akatoka ndani, akaliona, akapiga ukelele. Kumbe lile lilikuwa karai la kuchenjulia dhahabu, na zebaki imetiwa ndani yake mara nyingi. Mtoto hakujua, maana hakuna aliyemwambia. Nami sikuuliza, maana niliona chombo kinang'aa. Karanga zile tulizifukia shimoni, na mtoto alilia kwa kuona chakula chema kikifukiwa. Jioni ile ile karai lilitiwa alama ya rangi, likapelekwa machimboni, na halikurudi tena nyumbani.

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kuikusanya dhahabu, kwa sababu zebaki huishika dhahabu ikawa donge moja. Kisha donge lile huchomwa. Zebaki hupaa ikawa hewa, na dhahabu hubaki. Hewa ile haionekani wala hainuki, lakini hushuka ikatua ukutani, nguoni na vyomboni. Zebaki hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Mataifa mengi yalikutana nchini Japani mwaka 2013 wakafanya mkataba wa kuipunguza zebaki duniani, ukapewa jina la Minamata, mji wa nchi hiyo ambao watu wake waliteswa sana na zebaki iliyotiwa baharini ikaingia katika samaki. Tanzania ilitia sahihi mwaka huo huo, na mwaka 2020 ikauridhia mkataba huo.

Lakini mkataba haukai jikoni mwetu. Jikoni twakaa sisi. Basi sheria ya nyumbani na iwe hivi. Chombo kilichoguswa na zebaki hakirudi tena kuwa chombo cha chakula. Haidhuru kimeoshwa kwa sabuni mara ngapi, haidhuru kimesuguliwa kwa majivu. Karai, sufuria, kijiko, kitambaa, hata kinu kilichotwangiwa mawe, vyote ni vya machimboni, na huko vikae. Zebaki isichomwe nyumbani wala karibu na nyumba. Na baba atokaye kazini, kabla ya kuwapakata watoto au kushika mchi, kwanza aoge, abadili nguo, na nguo zile za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Sisemi haya kumlaumu mchimbaji. Yeye naye atafuta riziki ya watoto hao hao.

Jambo la pili ni karanga zenyewe. Karanga ni chakula chema sana. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na kadiri ya robo ni ile sehemu ya chakula ijengayo mwili. Lakini karanga isiyoanikwa vizuri, au iliyohifadhiwa mahali penye unyevu, huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii hudhuru ini. Ikiliwa nyingi kwa mara moja yaweza kuua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi yaweza kuleta kansa ya ini. Mwaka 1960 katika Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya laki moja, na watu hawakujua sababu, hata wataalamu walipogundua kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Tusidhani ni habari za ndege wa mbali tu. Mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 20 kati yao walikufa.

Wengine husema, "Mimi nitazikaanga vizuri, moto utaimaliza." Sivyo. Moto wa kikaango hauwezi kuimaliza sumu hii. Dawa yake ni kuanika juani mpaka karanga zikauke kabisa, kuweka mahali pakavu palipoinuka kutoka chini, na kuchambua. Na katika kuchambua, wasikilizaji, watoto wana msaada mkubwa, kwa maana macho yao ni makali na vidole vyao ni vyepesi.

Basi sasa tuanze kazi. Mwagieni watoto karanga zilizobanguliwa juu ya ungo, mchana penye mwanga. Waagizeni watoe kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, na kila iliyo na vumbi la kijani au la kijivu. Kijana mkubwa azipitie mara ya pili. Zile mbaya zisitiwe katika uji, wala wasipewe kuku, kwa maana sumu humdhuru kuku vile vile, zifukiwe. Mtoto mmoja ahesabu zilizotolewa, mwingine apime zilizobaki kwa kikombe. Hivyo hesabu ya shule itakuwa imepata kazi nyumbani.

Karanga zilizochaguliwa mama azikaange usiku, watoto wakiisha kulala, na ufuta vile vile kwa moto mdogo, kwa maana ufuta huungua upesi. Achemshe pia maji kidogo, ayafunike. Kwa hiyo kesho yake hapana moto kabisa.

Asubuhi watu wote wanawe mikono kwa sabuni na maji safi, kisha tutengeneze kitamu cha kwanza: vidonge vya karanga na asali. Chukueni vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa. Watoto wazifikiche kwa viganja mpaka maganda yatoke, kisha wazipepete kwa ungo. Hiyo ni kazi wapendayo sana, maana maganda huruka wakacheka. Zitwangwe katika kinu cha chakula mpaka zilainike na mafuta yaanze kutoka. Msiziache nusu nusu, zisije zikabaki vipande vigumu. Tieni chumvi kidogo sana, na asali iliyochujwa, vijiko vikubwa vinne. Changanyeni mpaka donge lishikamane. Likiwa kavu, ongezeni asali kijiko kimoja. Likiwa laini mno, ongezeni unga wa matobolwa kidogo. Kisha kila mtoto afinyange vidonge, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba, na kuvibingirisha katika ufuta. Mtapata vidonge kama 30. Viacheni mahali pa baridi, vimefunikwa, mpaka jioni. Vitakuwa vimeshikamana vizuri. Kwa kuwa asali ina maji machache, na karanga ni kavu, vidonge hivi hukaa siku kadhaa bila kuharibika, mkivitia katika chombo chenye kifuniko.

Kitamu cha pili ni mkate wa matobolwa. Twangeni matobolwa, mchekeche, mpate vikombe viwili vya unga. Tieni kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa laini, na sukari vijiko vikubwa vitatu. Kisha tieni maji yale yaliyochemshwa jana, kijiko kwa kijiko, huku mkikanda, mpaka unga ushikamane usinate mkononi. Tandazeni juu ya sinia lililotandikwa jani la mgomba lililooshwa, unene wa kidole. Kata vipande vya mraba, au mwacheni kila mtoto akate umbo alipendalo, nyota, jembe, ng'ombe au samaki. Nimeona mtoto mmoja akikata fisi, na wenzake wote wakakitaka kipande hicho. Mkate huu una maji, kwa hiyo uliwe siku ile ile, usilale.

Kitamu cha tatu ni cha wale wapendao uchachu. Chukueni kikombe kimoja cha nyama ya ukwaju. Kokwa zote zitolewe, wala isibaki hata moja, maana ni ngumu kama jiwe. Nazo zikioshwa, watoto wazitumie kuhesabia. Lainisheni ukwaju kwa maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja au viwili tu, kisha tieni sukari kikombe kimoja na chumvi kidogo. Pondeni kwa mwiko mpaka vichanganyike. Finyangeni vidonge vidogo, mvibingirishe katika sukari, au katika unga wa ubuyu kama mnao. Waacheni watoto waonje ukwaju peke yake kwanza, kisha baada ya kutiwa sukari, nao wataeleza wenyewe tofauti yake.

Sasa maonyo machache, kisha nitamaliza. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, wala kulambishwa kidole. Katika asali yaweza kuwamo vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, asije akapaliwa. Na kila mtoto ale hali ameketi, si akikimbia. Wako watu wachache ambao karanga huwadhuru, wakavimba midomo au kuwashwa mwili. Mtoto wa namna hiyo asiguse kabisa, na akishindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja. Tena vitamu ni vya sikukuu. Mchovya asali hachovyi mara moja, na meno ya mtoto hayajui hilo mpaka yameoza. Vidonge viwili au vitatu vyatosha, kisha asukutue kinywa kwa maji na kupiga mswaki kabla ya kulala.

Katika kugawanya kazi, kumbukeni umri. Mdogo wa miaka mitatu aweza kubingirisha kidonge katika ufuta. Wa miaka sita aweza kuchambua na kupepeta. Wa miaka kumi aweza kupima na kutwanga. Wavulana wasiseme kwamba kinu ni cha wasichana. Atakayekula ndiye atakayetwanga. Na baba akikaa hapo hata nusu saa, akachambua karanga pamoja na wanawe, watoto watakumbuka siku hiyo miaka mingi.

Vikiwa tayari, kabla ya mtu yeyote wa nyumbani kula, tengeni sahani moja, mtume watoto waipeleke kwa jirani. Kwanza kwa mzee akaaye peke yake, au kwa nyumba iliyopata mavuno mabaya mwaka huu. Mtoto atakayeibeba sahani ile kwa mikono miwili, akapiga hodi, akasalimu na kusema, "Mama amesema tuonje pamoja," amejifunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifundisha vizuri zaidi.

Nami yule mtoto wa wifi yangu, aliyeleta karai, nilimwona tena mwaka uliofuata. Tulipokuwa tayari kuanza, alisimama mlangoni, akawazuia wenzake wote, akauliza, "Chombo hiki ni cha jikoni?" Alimwuliza hata baba yake. Baba yake akajibu kwa taratibu kwamba ndicho. Ndipo akatupisha. Nawaombeni, wasikilizaji, kesho asubuhi kila mmoja wetu aulize swali hilo katika nyumba yake, kabla ya mtoto kuona haja ya kuuliza.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.